Je, njaa ndiyo inayoleta kala-azar, au kala-azar ndiyo inayomkondesha mtoto?

Mhudumu wa Tiaty ameuliza:

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii katika kaunti ya Baringo, upande wa Tiaty, na ninaandika kwa sababu ya mtoto mmoja ambaye kisa chake hakijaniondoka moyoni.

Ni mvulana wa miaka minne. Nilipomfunga mkanda wa kupimia mkono mara ya kwanza, ulisoma sentimita 11.9, rangi ya manjano, nikamwandikisha katika mpango wa lishe na mama yake akaanza kupewa unga wa uji. Baada ya majuma matano mkanda ulisoma 11.3, rangi nyekundu, naye akahamishiwa kwenye vile vipakiti vya chakula cha tiba cha karanga. Hakuongezeka. Kituoni mama aliambiwa, mbele ya wanawake wenzake, kwamba bila shaka anawagawia watoto wengine chakula cha mgonjwa. Alinyamaza tu, akamfunga mtoto mgongoni na kuondoka. Mimi nilikuwapo na sikumtetea, jambo ambalo bado linaniuma.

Homa ilikuwa ikimpanda jioni na kushuka asubuhi. Alipimwa malaria mara mbili na haikuonekana. Siku moja nilimkuta amelala chali juu ya ngozi ya mbuzi, shati limepanda hadi kifuani, nikaona upande wa kushoto wa tumbo umetuna kuliko wa kulia. Nilipouweka mkono hapo niligusa kitu kigumu chenye ukingo, kinachoshuka kutoka chini ya mbavu hadi karibu na kitovu. Tulimpeleka hospitali siku iliyofuata, kipimo cha damu kikaonyesha kala-azar, ule ugonjwa wa vimelea vinavyoletwa na usubi, na sasa yumo katika siku ya tisa ya sindano.

Nina maswali mawili. Kwanza, je, mtoto huyu aliugua kwa sababu alikuwa amekonda, au alikonda kwa sababu tayari alikuwa mgonjwa? Dada yake wa miaka sita hulala naye penye ngozi hiyo hiyo, hatua chache kutoka kwenye kichuguu, na hana dalili yoyote. Pili, mama ananiuliza kama mwanawe atarefuka kama wenzake, nami sina jibu la kumpa. Naomba wenye ujuzi wanisaidie.

Afisa Lishe, Pokot Magharibi amejibu:

Pole sana, na hongera kwa kuuweka mkono tumboni, kwa maana watoto wengi wa huku kwetu hupimwa mkono, kimo na uzito kwa miezi kadhaa bila mtu yeyote kuwafunua shati.

Jibu la swali lako la kwanza ni kwamba mambo yote mawili ni kweli, na mara nyingi hutokea kwa mtoto yule yule. Mtoto mwenye upungufu wa chakula huwa na kinga dhaifu, hivyo vimelea vilivyoingia mwilini mwake kwa kuumwa na usubi hupata nafasi ya kuzaana na kusambaa. Ugonjwa ukishashika, nao humkondesha kwa njia kadhaa kwa pamoja. Homa ya majuma na miezi huteketeza nguvu ambazo zingejenga misuli na mifupa, hamu ya kula hupotea, na bandama lililovimba, ambalo ndilo kile kitu kigumu ulichokigusa, huusukuma mfuko wa tumbo, kwa hiyo mtoto hushiba baada ya vijiko vitatu. Damu hupungua, pua hutoka damu, na wengine huharisha au hupata nimonia juu ya hayo yote. Ukimpa mtoto wa namna hiyo vipakiti vya karanga bila kuutibu ugonjwa, unamwaga maji katika mtungi uliotoboka, na hapo ndipo mama anapolaumiwa kwa kosa ambalo si lake. Mimi naona yule mama anastahili kuambiwa waziwazi, na ikiwezekana mbele ya wale wale waliosikia akishutumiwa, kwamba mtoto hakuongezeka kwa sababu ya ugonjwa.

Kuna jambo la kipimo ambalo limewahi kunidanganya mimi mwenyewe. Usitegemee mizani peke yake kwa mtoto mwenye kala-azar. Bandama na ini vilivyovimba vina uzito, na baadhi ya watoto huvimba pia miguu kwa sababu ya upungufu wa protini katika damu, hivyo mizani inaweza kusimama pale pale, au hata kupanda, huku nyama ya mwili ikiendelea kuyeyuka. Kinyume chake pia hutokea, kwamba mtoto anayepona anapungua uzito katika siku za kwanza kwa sababu uvimbe unashuka, na mama anaogopa kwamba dawa inamuua. Mkono wa juu hauna bandama, kwa hiyo mkanda husema ukweli zaidi. Waganga wa wodi yetu huchora alama ya kalamu pale ukingo wa bandama unapoishia, wakapima kwa sentimita kutoka kwenye ubavu. Nami huandika kipimo hicho kando ya kipimo cha mkono katika kadi moja. Namba ya bandama inaposhuka na ya mkono kupanda, hapo ndipo ninapopumua.

Kuhusu chakula, mtoto wenu aliyefika rangi nyekundu anapaswa kutibiwa utapiamlo mkali na kala-azar kwa wakati mmoja, wala tiba moja isiisubiri nyingine. Akiwa hana hamu kabisa au ana matatizo mengine, huanza na maziwa ya tiba mepesi, kidogo kidogo, mchana na usiku, kwa kuwa mwili uliokaa na njaa haustahimili shibe ya ghafla. Mwambie mama asimnunulie dawa ya kuongeza damu dukani kwa sababu tu amemwona mweupe viganjani. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hapewi madini ya chuma katika siku za mwanzo, huongezewa baadaye anapokuwa ameanza kula vizuri na kuongezeka, tena kwa maelekezo ya mhudumu.

Ninalokuomba usiliseme vijijini ni kwamba chakula kizuri huzuia kala-azar. Nimewaona watoto wanene wakiugua, kwa sababu anayeleta ugonjwa ni usubi, na usubi haulizi mtu amekula nini. Chakula humsaidia mtoto kupambana na kilichokwisha kuingia. Chandarua chenye dawa na kulala mbali na vichuguu, ambamo usubi hujificha, ndivyo vinavyopunguza kuumwa.

Mtafiti wa maabara, Nairobi amejibu:

Namshukuru Afisa Lishe kwa maelezo yake, nami ningependa kuongeza habari za yule dada wa miaka sita, kwani ndani ya swali hilo ndimo lilimo jambo lenyewe.

Watu wengi walioambukizwa vimelea vya *Leishmania donovani*, ndivyo vinavyoleta kala-azar, hawaugui kamwe. Mwili huvizingira vimelea mapema na mtu huendelea na maisha bila kujua. Inawezekana kabisa kwamba yule msichana naye ameumwa na usubi wenye vimelea kama kaka yake, ila mwili wake umevishinda. Kwa hiyo tunapouliza kama lishe inahusiana na kala-azar tunauliza maswali mawili yanayofanana kwa juu tu: nani anaambukizwa, na kati ya walioambukizwa nani anaugua. Lishe ina uzito mkubwa zaidi katika swali la pili. Huko Jacobina, katika jimbo la Bahia nchini Brazili, watafiti waliwafuatilia watoto wa eneo lenye ugonjwa huu na kuchapisha matokeo yao mwaka 1986. Walikuta kwamba watoto wenye utapiamlo ndio waliokuwa na hatari kubwa zaidi ya kufikia ugonjwa kamili, ilhali wengi wengine walioambukizwa walikuwa na dalili hafifu au hawakuwa nazo. Ni kweli kwamba kule kimelea ni cha aina nyingine na mbwa ndio hifadhi yake, tofauti na kwetu ambako huenea hasa kutoka kwa mtu hadi mtu kupitia usubi, lakini mpangilio wa kinga ya mtoto ni ule ule.

Maabara imetuonyesha namna jambo hili linavyoweza kutokea. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2001, panya waliopunguziwa protini, nishati, zinki na madini ya chuma waliambukizwa vimelea hivi kupitia ngozi. Kwa kawaida tezi za limfu zilizo karibu na mahali pa kuumwa hufanya kazi ya mlango, zikivikamata vimelea visipite. Kwa panya wenye njaa mlango huo ulilegea, na ndani ya siku chache vimelea vilikuwa vimefika kwenye ini na bandama kwa wingi kuliko kwa panya walioshiba. Kwa mtoto wa binadamu aliyekosa chakula tunajua pia kwamba ile tezi ya kifuani ambamo chembe za kinga hukomaa husinyaa, na chembe hizo ndizo zinazotoa amri kwa chembe walaji, ambamo vimelea hujificha, ziviue. Amri isipotoka, kimelea huzaana ndani ya askari yule yule aliyetumwa kukiangamiza.

Niseme pia neno juu ya kipimo, kwa kuwa mhudumu yeyote anayesoma hapa anaweza kukutana na hali hii. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni hakifanyi kazi Afrika Mashariki vizuri kama kinavyofanya India. Huku kwetu hukosa takribani wagonjwa 15 katika kila 100. Mtoto mwenye homa ya zaidi ya majuma mawili, bandama kubwa na ukondefu, ambaye malaria haikuonekana, asirudishwe nyumbani kwa sababu tu kipimo hicho kimesema hana. Apelekwe mahali ambapo vipimo vingine vinaweza kufanywa. Vilevile kipimo hicho hubaki kikisoma ndiyo muda mrefu baada ya mtu kupona, kwa hiyo msikitumie kuamua kama ugonjwa umerudi.

Mwalimu wa Amudat amejibu:

Mimi si mtaalamu. Ninafundisha shule ya msingi upande wa Uganda, mpakani na Kenya, nami niliugua kala-azar nikiwa na miaka tisa. Wapokot tunaiita *termes*. Ninajibu swali la pili, lile la mama.

Kabla ya kufikishwa hospitali nilichanjwa tumboni na mzee wa kijijini ili bandama lishuke, na alama za mikato ile ninazo hadi leo, safu mbili upande wa kushoto. Siku hizo sindano zilikuwa za siku thelathini. Babu yangu aliyekaa nami wodini alikuwa akikata alama moja kwenye fimbo yake kila sindano inapochomwa, ili nione kwamba zinaisha. Ninachokumbuka zaidi ni jioni ya siku ya kumi na moja au kumi na mbili, nilipoamka na kumwambia kwamba nina njaa. Mzee yule hakusema neno. Alitoka nje, na aliporudi na kibuyu cha maziwa niliona kwamba alikuwa amelia.

Niliongezeka uzito upesi, mashavu yakarudi ndani ya miezi michache. Kimo kilichelewa. Mdogo wangu, ambaye nimemtangulia kwa miaka miwili, alinipita nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, na kwa muda mrefu wageni walimsalimu yeye kwanza wakidhani ndiye mkubwa. Darasani nilikaa dawati la mbele kwa sababu ya ufupi. Halafu nilipokaribia miaka kumi na sita mwili uliamka, ndevu na kimo vikaja pamoja, na mama akafumua upindo wa suruali yangu ya shule mara mbili katika mwaka mmoja. Leo mimi si mrefu, lakini simtazami mtu kwa kuinua shingo.

Nina mwanafunzi mmoja ambaye mambo yake hayakwenda hivyo. Alipona kala-azar, akarudi nyumbani wakati wa ukame mkubwa wa miaka ile ambayo mvua za misimu mitano mfululizo zilishindwa, ng'ombe wa baba yake wakafa, na maziwa yakaisha. Amebaki mdogo sana kwa umri wake. Tofauti kati yangu na yeye si dawa, kwani dawa alizopata yeye ni bora kuliko zangu. Tofauti ni kwamba mimi nilirudi kwenye boma lenye maziwa. Mwambieni mama huyo jambo hilo, na mtakapomwambia mumwulize pia ana mbuzi wangapi wanaokamuliwa, maana kumwambia ampe mtoto maziwa huku zizi likiwa tupu ni kumwongezea uchungu tu.

Daktari wa watoto, aliyewahi kufanya kazi Sudan Kusini, amejibu:

Mwalimu amelieleza vizuri. Kitaalamu, ukondefu hurekebika haraka mtoto anapotibiwa na kulishwa, ilhali udumavu, yaani kimo kubaki nyuma ya umri, hurekebika polepole na si mara zote kikamilifu, hasa ikiwa ulianza katika siku 1,000 za kwanza tangu mimba kutungwa. Mvulana wa miaka minne ana miaka mingi ya kukua mbele yake. Apimwe kimo kila baada ya miezi mitatu, kwa ubao wa kupimia kimo, akiwa amevua viatu, na mama aonyeshwe mstari unavyopanda.

Ningependa kulisisitiza jambo moja ambalo halijatajwa, nalo ni kwamba lishe hubadilisha hata matibabu yenyewe. Tiba ya kawaida Afrika Mashariki, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2010, ni sindano za sodiamu stibogluconeti pamoja na paromomisini kwa siku 17. Dawa ya kwanza kati ya hizo inaweza kuusumbua moyo, ini na kongosho, na mwili uliodhoofika sana hauistahimili vizuri, kwa hiyo mtoto aliye mahututi, pamoja na mwenye utapiamlo mkali, mara nyingi huwekewa amfoterisini ya liposomu kwa njia ya mshipa. Na kuhusu kipimo cha dawa, mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa. Miltefosini, dawa ya kala-azar ya kumeza, ilipotolewa kwa watoto kwa hesabu ya miligramu kwa kilo kama watu wazima, dawa iliyofika katika damu yao ilikuwa pungufu, na tiba ikashindwa mara nyingi zaidi kwao. Ikabidi hesabu mpya itengenezwe, inayozingatia uzito, kimo na jinsia ya mtoto. Ilijaribiwa kwa watoto 30 wa Kenya na Uganda na matokeo yakachapishwa mwaka 2019, yakiwa bora kuliko ya hesabu ya zamani. Kwa hiyo kimo cha mtoto, ambacho tulizoea kukiandika kwa ajili ya takwimu za lishe peke yake, sasa kinaweza kuamua ni vidonge vingapi atameza.

Kati ya mwaka 1984 na 1994, katika eneo la Upper Nile Magharibi, ambalo leo limo Sudan Kusini, kala-azar iliua watu wanaokadiriwa kufika 100,000, katikati ya vita na njaa. Mimi nilifika nchi ile miaka mingi baadaye, lakini nilikutana na vifo vya namna ile ile: mtoto anayefika akiwa na upungufu mkubwa wa damu, amekonda hadi mbavu zinahesabika, na bandama kubwa, alikuwa na nafasi ndogo ya kupona kuliko mwenzake mwenye vimelea vile vile lakini mwenye nyama mwilini. Hata hivyo, taasisi ya Cochrane, inayokusanya na kuchuja matokeo ya utafiti wa tiba, ilipotafuta mwaka 2018 majaribio yaliyopima ni nyongeza gani ya chakula inayowafaa wagonjwa wa kala-azar wakiwa katika matibabu, haikupata hata moja lililokidhi vigezo vyake. Ninalitaja kwa uchungu, kwa sababu zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa wote wa kala-azar duniani sasa wako Afrika Mashariki, na takribani nusu yao ni watoto walio chini ya miaka 15. Nchi zetu zilikutana Nairobi mwaka 2023 na kukubaliana kuutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii. Mimi naamini daftari la lishe na daftari la kala-azar yanapaswa kukaa juu ya meza moja, na mtoto yeyote wa maeneo yenu ambaye ameshindwa kuongezeka kwa majuma mawili au matatu ya chakula cha tiba akaguliwe bandama kabla mama yake hajaulizwa amempa nani chakula.

Mhudumu wa Tiaty amejibu:

Nimewasomea majibu haya wahudumu wenzangu wawili, na Daktari, Afisa, Mtafiti na Mwalimu, tunawashukuru sana. Leo ni siku ya kumi na mbili. Mkono wa mtoto bado unasoma 11.3, lakini alama ya kalamu iliyochorwa tumboni siku ya kwanza sasa iko vidole viwili chini ya ukingo wa bandama, na asubuhi alimaliza kikombe chote cha maziwa na kuomba kingine.

Nilimweleza mama kwamba mtoto hakuongezeka kwa sababu ya ugonjwa, wala haikuwa kosa lake. Aliniuliza kama nitayasema hayo kituoni, siku ya kugawa unga, wanawake wakiwapo. Nimemwahidi kwamba nitayasema Alhamisi. Mbuzi wanaokamuliwa ni watatu, na mmoja karibu atazaa. Dada yake nitamkagua bandama Jumamosi, nikipeleka na chandarua.